UZI: Tumemwita binti yetu Hana, mama akaniuliza "Hana nini?" Maana ya jina hili la Kijapani na safari yake

BintiRaskazone (mwanzisha uzi)

Salaam wakuu. Uzi huu nimeukusudia tangu mimba ina miezi saba, ila nilitaka kwanza mtoto atoke salama. Alhamdulillahi katoka, sasa ana miezi mitano, na anaitwa Hana. Mimi mzaliwa wa Tanga, mume wangu Mjapani, tunaishi Nagoya.

Nilimpigia mama simu mtoto akiwa na siku tatu. Nikamwambia jina tunalolifikiria. Akanyamaza, kisha akauliza:

"Hana nini?"

"Mama, ndilo jina lenyewe. Hana."

"Ndiyo nakuuliza, hana nini? Mtoto mzima, macho mawili, vidole ishirini, unamwita Hana?"

Sikucheka, maana namjua mama. Kwetu pwani jina ni dua. Nina shangazi anaitwa Tabu, na mpaka leo likimfika jambo watu husema jina limemvuta. Mama alikuwa anaogopa kweli kwamba mjukuu wake wa kwanza ataitwa kwa upungufu kila siku ya maisha yake: hana hiki, hana kile. Na mimi nilikuwa na siku 11 tu za kuamua. Sheria ya Japani inataka taarifa ya kuzaliwa ifikishwe ofisini ndani ya siku 14, siku ya kuzaliwa ikiwemo, na jina liwe limeandikwa.

Ndipo nikaanza kulichimba jina hili kwa dhati. Ukitafuta mtandaoni "maana ya Hana" utapewa mstari mmoja: jina la kike la Kijapani, maana yake ua. Basi. Jibu hilo ni nusu, na nusu iliyobaki ndiyo iliyonifanya niandike.

Kwa Wajapani, sauti ya jina peke yake haikwambii maana. Mpaka uone limeandikwaje. Watu wawili wanaweza kuitwa Hana wote, ukiwaita wageuke wote, lakini majina yao kwenye karatasi yakawa mbalimbali na maana mbalimbali. Kijapani kina namna tatu za kuandika: kanji, yaani herufi zilizotoka China ambazo kila moja ina maana yake, kisha hiragana na katakana, ambazo ni za sauti tu kama a-e-i-o-u zetu. Kwa kanji, Hana linaweza kuandikwa hivi:

花, ua, lile la kawaida la bustanini na la porini. Ina mistari saba ya kalamu. Juu ni alama ya majani, chini ni herufi ya "kubadilika", ingawa hiyo ya chini imewekwa hasa kwa ajili ya sauti. Watu lakini wanapenda kuisoma kwa maana: jani lililogeuka.

華, ua pia, ila ua la fahari. Ndiyo herufi utakayoiona kwenye neno la Kijapani la "kung'ara, kupendeza mno", na kwenye jina rasmi la sanaa ya kupanga maua. Mistari kumi. Mtoto aliyeandikwa hivi ametakiwa mng'aro.

英, herufi ambayo siku hizi wengi wanaijua kwa maana ya ubora, na pia ndiyo inayosimama kwa Uingereza. Kwenye majina huweza kusomwa Hana, maana asili yake nayo ni ya maua.

Halafu kuna majina ya herufi mbili. 羽菜, bawa na mboga ya majani. 花奈, 花菜 na mengine mengi, kila mzazi anaunganisha anavyotaka. Hapo "ua" linaweza lisiwemo kabisa.

Na kabla hujauliza: ndiyo, pua pia ni hana. Ua na pua zikitamkwa peke yake karibu hazitofautiani, mpaka neno linalofuata lije ndipo sauti inashuka kwenye ua na kubaki juu kwenye pua. Jina la mtu kwa kawaida hupanda mwanzoni, HA-na, na hapo Kijapani na Kiswahili vinakutana, kwa sababu ndivyo hasa ulimi wetu unavyolitamka.

Nikipata nafasi naendelea na historia. Mtoto ananyonya.

Kijana wa Makete

Dada hongera sana, Mungu amkuze. Nakaa mstari wa mbele kwenye uzi huu.

Ila mwambie mama jina Hana si geni kwa Waswahili. Sisi Wakristo tunalo miaka yote. Mama yake Samweli kwenye Biblia yetu anaitwa Hana, mke wa Elkana. Na ajabu yenyewe ni kwamba huyo mama habari yake inaanza kwa kutokuwa na mtoto! Penina alikuwa nao, Hana hana. Akaenda Shilo akaomba midomo ikitikisika bila sauti, kuhani Eli akamdhania amelewa. Akajibiwa, akampata Samweli. Nyumbani kwetu nina mama mdogo anaitwa Hana na sijawahi kusikia mtu amemuuliza hana nini.

BintiRaskazone

Kijana wa Makete, asante, hili sikulijua na limenigusa sana. Nimemsomea mume wangu, ikabidi kwanza nimfundishe kwamba "hana" kwetu ni sentensi kamili. Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema yule mama lazima alikuwa analisikia jina lake tofauti baada ya kujifungua. Hata kama kwa Kiebrania jina lile lina maana ya neema na halihusiani na Kiswahili chetu, sisi tunaolisoma kwa Kiswahili tunalisikia.

Sasa historia, kama nilivyoahidi.

Neno hana lina umri mkubwa na limebeba mengi. Katika mashairi ya kale kabisa ya Kijapani, ya karne ya 8, mojawapo ya maua yaliyosifiwa sana lilikuwa la ume, mti wa jamii ya plamu uliotoka China. Karne zilizofuata, enzi za Heian, mapenzi yakahamia kwa sakura, ua la mcheri, mpaka ikawa mshairi akisema tu "hana" bila kulitaja ua gani, msomaji anaelewa ni sakura. Hanami, ile desturi ya kwenda kukaa chini ya miti wakati wa maua, ni hana na mi, kutazama. Fataki zinaitwa hanabi, maua ya moto. Ikebana, ile sanaa ya kupanga maua, ni hana hiyohiyo, sauti imelainika ikawa bana. Kwa hiyo anayemwita mtoto Hana anamwita kwa neno linaloishi mdomoni mwa watu kila msimu.

Kama jina la mtu, Hana ni jina la mabibi. Zamani za Meiji, 1868 hadi 1912, wanawake wa kawaida walikuwa na majina mafupi ya sauti mbili: Hana, Haru, Kiku, Ume, Kiyo. Mengi yaliandikwa kwa katakana, bila kanji. Mtu akiitwa kwa heshima, huwekwa O mbele: O-Hana.

Majina yanayoishia na -ko wakati huo yalikuwa na harufu ya ukoo bora, kwa sababu tangu kale -ko ilikuwa ya mabinti wa kifalme na wa makabaila. Ilipoanza kushuka kwa watu wa kawaida, kila mtu aliitaka. Muraoka Hanako, mfasiri mashuhuri aliyezaliwa 1893, alizaliwa akiitwa Hana tu. Hanako alijipa baadaye. Kuna pia Hanako aliyejulikana Ulaya, mchezaji wa jukwaani aliyezaliwa 1868 kwa jina la Ota Hisa, ambaye mchongaji Rodin alimchonga uso mara nyingi sana. Hanako lilikuwa jina lake la jukwaani.

Kisha -ko ikatawala. Enzi ya Showa ilipoanza 1926 lilivuma Kazuko, kwa sababu herufi ya kwanza ya Kazuko ni ile iliyomo kwenye neno Showa. Keiko, Sachiko, Yoko, darasa zima -ko. Hanako likazoeleka mpaka likawa jina la mfano kwenye fomu: pale ambapo sisi tungeandika "Asha Juma" kuonyesha jinsi ya kujaza, wao waliandika "Yamada Hanako". Likawa hata jina la mzimu wa vyoo vya shule ambao watoto wa Japani wanatishana nao. Na jina la tembo.

Hapa kwenye tembo naomba nisimame kidogo, kwa sababu mume wangu alilia akinisimulia. Bustani ya wanyama ya Ueno, Tokyo, ilikuwa na tembo aliyeitwa Hanako. Mwaka 1943, vita vikiendelea, iliamriwa wanyama wakubwa wauawe wasije wakatoroka mabomu yakianguka. Tembo waliachwa wafe kwa njaa. Vita vilipokwisha watoto walitaka tembo tena, na 1949 akaja ndama wa tembo kutoka Thailand. Wakampa jina la yule aliyekufa: Hanako. Huyu aliishi mpaka 2016, miaka 69, sehemu kubwa ya maisha yake katika bustani ya Inokashira. Wajapani wa umri wa mavyaa wangu, ukitaja Hanako, wengi huanza na yule tembo.

Miaka ya 1980 -ko ikaonekana imezeeka, wazazi wakaanza kuikata. Hapo ndipo Hana lilipopata mlango wa kurudi: fupi, laini, la bibi wa bibi, halina -ko.

Ummu Salma

Assalaam alaykum. Mwanangu, mwambie mama yako kwamba hilo jina lipo kwenye Kiarabu pia, Hanaa, هناء. Maana yake furaha, raha ya moyo, maisha ya kheri. Niko Muscat mwaka wa 20 huu, nimewaona akina Hanaa wengi. Akiandika kwa a mbili hataona tena upungufu wowote. Usimpuuze mama, lakini mpe mlango wa kuingilia.

Fundi Saa

Uzi mtamu. Swali: je, kwa sasa Hana ni jina linalovuma kweli huko Japani au ni sisi wa nje tu tunalipenda kwa kuwa ni rahisi kutamka? Naona kila tovuti ya majina inaliweka.

BintiRaskazone

Wa alaykum salaam mama Ummu Salma. Subiri nitakwambia ulichokifanya.

Fundi Saa, swali zuri na jibu lake linarudi palepale kwenye maandishi. Orodha za majina zinazotajwa sana Japani hutolewa na kampuni. Moja ni ya bima ya maisha, Meiji Yasuda, wanaohesabu watoto wa wateja wao kila mwaka. Nyingine ni ya Tamahiyo, chapisho la wazazi. Kila moja ina watu wake, ndiyo maana hazilingani. Na ndani ya kila moja kuna orodha mbili: moja ya majina yalivyoandikwa, nyingine ya yalivyotamkwa.

Sasa angalia kinachotokea kwa Hana. Kwenye orodha ya maandishi anagawanyika vipande: 花 huku, 華 kule, はな pale, wa herufi mbili wametawanyika chini. Kwenye orodha ya sauti wote wanajumlishwa na jina linapanda. Kwa hiyo mtu akikuletea nafasi ya Hana kwenye orodha, muulize kwanza ni orodha ipi. Ninachokiona kwa macho yangu: kliniki ya watoto ya hospitali nilikojifungulia, muuguzi akiita "Hana-chan", tuligeuka kina mama wawili. Mwenzangu alikuwa wa 羽菜.

Nje ya Japani jina linabebwa na mito kadhaa kwa pamoja. Wacheki wanalo tangu zamani kutokana na Hannah. Hana Mandlíková, mcheza tenisi aliyeshinda mataji makubwa manne miaka ya 1980 hadi 1987, ni Mcheki na hana uhusiano na ua la Kijapani. Wakorea wana neno hana, ambalo kwao ni "moja". Tovuti zinazosema Hana asili yake ni Japani zingekuwa sahihi zaidi zingesema Japani ni mojawapo. Mimi nalipenda zaidi kwa kujua hivyo.

Msomaji wa Kimya

Nimejiunga leo kwa ajili ya uzi huu. Mke wangu Mjapani, tupo Kobe, tunategemea mtoto mwezi wa tatu. Naomba mambo ya ofisini: je, unaweza kumpa mtoto majina mawili au matatu kama kwetu? Na je, jina lolote linakubaliwa?

BintiRaskazone

Karibu sana na hongera, Mungu amjalie mkeo wepesi.

La kwanza, fomu ina nafasi mbili tu: jina la ukoo na jina la mtoto. Hakuna la katikati. Mimi nilitaka jina la marehemu baba yangu liingie, kama "binti fulani" wetu. Nikaambiwa likiingia litaunganishwa na Hana liwe jina moja refu, na kila hati ya maisha yake itaandikwa hivyo. Ofisi ya kata niliyokwenda, yule karani alikuwa mpole lakini alinirudisha kiti mara tatu kwa jambo hilo. Nikakubali kuliacha. Bado linaniuma, nakwambia ukweli. Kaeni mliongee mapema, msingoje kaunta.

La pili, herufi zina mipaka. Kanji zinazoruhusiwa kwa majina ni 2,136 za matumizi ya kawaida na 863 za majina, pamoja na hiragana na katakana. Usomaji ulikuwa huru mno kwa miaka mingi, watu wakaandika herufi hizi na kuzisoma vile, hata mwalimu anashindwa kuita rejesta. Tangu tarehe 26 Mei 2025 sheria inataka usomaji uandikwe kwenye daftari la familia na uwe unaokubalika kwa kawaida. Na maana mbaya zilishawahi kuzuiwa: mwaka 1993 huko Akishima, Tokyo, mzazi alitaka kumwita mwanawe Akuma, yaani shetani. Ikafika mahakamani.

La tatu, jiandae kwa wakwe na hesabu ya mistari. Kuna elimu yao ya kujumlisha mistari ya kalamu ya jina la ukoo na la mtoto, jumla zikatoa bahati njema au mbaya. Mavyaa wangu hakulala. Alikuja na kitabu, penseli na karatasi za miraba, akakaa mezani kwetu jikoni akaandika 花 kwenye mraba, akahesabu kwa ncha ya penseli, moja, mbili, mpaka saba, akajumlisha na jina la ukoo, akafuta. Akaandika 華, akahesabu kumi, akajumlisha, akatikisa kichwa taratibu. Halafu akasema kile nilichokuwa nasubiri asiseme: ua hupukutika. Wapo Wajapani wanaoogopa kumwita mtoto kwa ua kwa sababu hiyo.

Nikamtazama nikamwona mama yangu. Huyu anaogopa ua lisipukutike, yule anaogopa mtoto asipungukiwe. Wamama wawili, hofu moja, na hawajawahi kuonana.

Kijana wa Makete

Sasa mkaamuaje dada? Usituache hapa.

BintiRaskazone

Mume wangu ndiye aliyetutoa. Alikuwa ameomba nakala ya daftari la zamani la familia yao kwa shughuli ya urithi, akaikumbuka, akaileta mezani. Mwandiko wa brashi, wino umefifia. Akaweka kidole: ハナ. Hana, kwa katakana, bila kanji. Ni bibi wa mavyaa, mzaliwa wa enzi za Taisho, zile zilizofuata Meiji. Mavyaa alikuwa anamjua kwa kumwita bibi tu, na jina alikuwa amelisahau kabisa. Akavua miwani. Akasema bibi aliuza samaki kwa kutembeza nyumba kwa nyumba mpaka uzee, na alikufa na miaka zaidi ya 90.

Kwetu hiyo ina neno lake: mtoto ana somo wake. Nikamweleza mavyaa hivyo, kwamba Waswahili tunampa mtoto jina la bibi, na bibi na mjukuu wanakuwa masomo. Wao si kawaida yao sana kulirudisha jina zima, lakini lilimwingia.

Tukamwandika はな. Hiragana, sauti tupu, hakuna kanji ya kuifunga. Mavyaa akasema hiragana ni mwandiko laini unaomfaa mtoto wa kike. Kwa namna hiyo anayetaka kusikia ua atasikia ua. Na mama Ummu Salma, hapa ndipo maneno yako yanapoingia: mdogo wangu alimwambia mama jambo hilohilo, kwamba Hanaa ni furaha, na umenithibitishia leo. Mama aliuliza mara mbili, "Una hakika?" Kisha akaanza kulia.

Siku ya saba Wajapani wana oshichiya, usiku wa saba, jina huandikwa kwa brashi na kubandikwa ukutani. Na siku ya saba sisi tuna akika. Sikulipanga, siku zenyewe zilikutana. Nagoya mavyaa alipiga magoti akaandika はな, akaharibu karatasi nne kabla ya kuridhika na ya tano. Tanga mama alichinja mbuzi, akasomesha, na ili shehe asikosee jina akamwandikia kwenye karatasi ya daftari kwa kalamu ya bluu: HANAA. Mdogo wangu akanitumia picha.

Mavyaa aliiona kwenye simu akauliza zile a mbili mwishoni ni za nini. Nikamweleza. Akaniomba niichapishe, akaikata pembeni kwa mkasi vizuri, akaibandika chini ya mwandiko wake. Ziko hapo mpaka sasa, juu ya kitanda.

Msomaji wa Kimya, nitumie ujumbe kuhusu fomu nikupe nakala yangu niliyoijaza uone mpangilio. Wengine walioniuliza faraghani majina ya kiume nitawajibu jioni, Hana kaamka.